Gitaa Lililosema Haoi

Tangu nianze kupiga gitaa la besi hapa Bagamoyo sijawahi kumsikia mtu akitoka harusini akisema, "Besi ya leo ilikuwa nzuri." Watu humsifia mwimbaji, humsifia mpiga kinanda, na wakikosa wa kumsifia humsifia mpishi wa pilau. Mpiga besi hukumbukwa siku spika yake imezimika, maana ndipo watu wanapogeuka huku na huko kutafuta kilichopungua. Hata hapo wengi hudhani ni feni. Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba aliyekinunua kisanduku ninachokuja kukieleza alikuwa mtu aliyechoka kudharauliwa.

Kisanduku chenyewe nilikipata Kariakoo, kwa muuzaji wa vifaa vya muziki vilivyotumika. Kilikuwa cha chuma, rangi ya zambarau iliyochubuka, ukubwa wa kopo la sadini. Juu yake kulikuwa na vitufe viwili vya kuzungusha kwa mkono na kimoja cha kukanyaga kwa mguu. Unachomeka waya unaotoka kwenye gitaa, unachomeka mwingine unaokwenda kwenye spika, unakanyaga, na kuanzia hapo kila ukigusa uzi gitaa linafumbua mdomo: wau. Ukigusa taratibu linafumbua kidogo, ukipiga kwa nguvu linaachama. Vitu vya namna hii wapiga gitaa tunaviita pedali, na hii hasa tunaiita wawa, kwa sababu ndivyo inavyolia.

Mama, ambaye nilikuwa bado naishi naye, alikichukua mkononi akakigeuza juu chini.

"Umesema kinaitwaje?"

"Pedali, mama."

"Na baiskeli yenyewe iko wapi?"

Nikamweleza habari ya sauti kufumbuka na kufumba. Alinisikiliza kwa adabu, namna anavyowasikiliza watu wanaokuja mlangoni kuuza dawa ya mende, kisha akaniuliza kama nimekula.

Wakati huo nilikuwa na jambo moja kichwani, nalo lilikuwa kuoa. Mchumba wangu alikuwa mwalimu wa chekechea, mtu wa hapa hapa mjini, mcheshi, mwenye sauti ya kunyamazisha darasa zima bila kuinuka kitini. Mimi na yeye hatukuwa na mgogoro wowote. Wazee wangu walikwishakwenda kwao kupeleka posa, wakapokelewa vizuri, wakapewa chai na vitumbua. Baba yake akasema, "Mimi sina neno. Lakini yupo shangazi yake."

Shangazi alikuwa anakaa Mkange, huko juu njia ya Saadani. Katika ukoo ule yeye ndiye somo, ndiye anayewafunda mabinti wote kabla hawajaolewa, na asipotia mkono wake hakuna ndoa. Wakampigia simu pale pale sebuleni, wakaiweka sauti ya juu ili wazee wote wasikie. Wazee wangu wakamwambia mposaji ni kijana mwenye adabu, anapiga gitaa katika bendi ya taarabu.

"Mwanamuziki?" shangazi akasema. "Wanamuziki hawaoi. Wanachumbia tu."

Wazee wangu walikuwa na vitumbua mdomoni.

Nilipoletewa habari hiyo nilikasirika kweli. Hawaoi vipi? Kiongozi wetu wa bendi, yule mpiga kinanda, ameoa wake wawili na ana macho ya kuangalia wa tatu. Nilimwambia mchumba wangu amtumie shangazi mfano huo. Akanijibu nikitaka kumpoteza kabisa nimtaje kiongozi wangu mbele ya shangazi.

Hata hivyo shangazi hakukataa moja kwa moja. Alisema kuna harusi ya jamaa zao Mapinga, atakuja, na kwa kuwa amesikia bendi itakayopiga ni hiyo hiyo ya mposaji, atakaa aniangalie kazini. Akishaniona ndipo atatoa jibu. Kwa hiyo ndoa yangu yote ikawa imening'inia kwenye shughuli moja ya kinamama, alasiri moja, chini ya turubai.

Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kufanya mtihani. Kwanza nilichemsha nyuzi. Nyuzi za besi ni nene, ni ghali, na zikikaa sana hujaa jasho na mafuta ya vidole mpaka sauti inakuwa butu. Ukikosa mpya unazifungua, unazitia kwenye maji yanayochemka, unazikausha, na zikirudi kwenye gitaa zinalia kama zilizotoka dukani. Kila mpiga besi mkata anaijua siri hiyo. Ambaye hakuwa anaijua ni mama, aliyefunua sufuria yake akitegemea mihogo.

"Leo tunakula tambi za chuma?" akauliza.

Baada ya nyuzi nikaenda kununua betri ya pedali, ile ndogo ya mraba. Nikaenda duka la yule mzee wa Kihindi ambaye familia yake imeuza vitu mjini hapa tangu enzi za babu zake na babu zetu. Akaniuliza ni ya kipaza sauti cha madrasa? Nikasema ni ya kuolea. Akaniangalia juu ya miwani, akanichagulia iliyo mpya zaidi.

Kwenye mazoezi kiongozi alikiona kisanduku na hakukipenda. Yeye ana neno moja tu la kunifundishia kazi, na amekuwa akinifundisha kwalo tangu siku ya kwanza: "Punguza mkono." Nikipiga haraka, punguza mkono. Nikipiga polepole, punguza mkono. Anaamini besi ni ya kusikika kifuani, si masikioni, na kwamba mpiga besi anayetaka kusikika masikioni aende akauze ndimu kwa kipaza sauti.

"Mdudu huyo ukimkanyaga kwenye wimbo wa bi harusi tutagombana," akasema.

"Kwenye mduara tu," nikamwambia. "Mwisho kabisa. Nina wageni wangu siku hiyo."

Mduara ni kile kipande cha mwisho, wimbo unapokolea, mwimbaji anapumzika, na kinamama wanainuka wanazunguka kwa viuno vyao. Hapo maneno hayapo, ni vyombo tu. Kiongozi akafikiri, akakubali, akaongeza lile neno lake.

Mapinga nyumba mpya zinaota kila pembe, na harusi ilikuwa kwenye uwanja uliokuwa bado haujajengwa, katikati ya kuta za watu wa Dar. Turubai likafungwa, viti vikapangwa, kinamama wakaja wamevaa sare ya rangi ya nyanya mbivu. Mchumba wangu alikaa safu ya pili. Mbele yake, safu ya kwanza, alikaa mama mmoja mwembamba, mrefu, amefunga kanga mbili na kukunja mikono. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Nikaweka gitaa chini nikaenda kumwamkia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ndiyo wewe?"

"Ndiyo mimi, shangazi."

Akaliangalia gitaa langu pale lilipoegemea, kisha akaliangalia la mwenzangu wa solo.

"Mbona la kwako lina nyuzi nne? La mwenzio nimehesabu sita."

"Nne zinatosha, shangazi. Zangu ni nene."

"Haya," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeuziwa kilo pungufu.

Nyimbo zote za mwanzo nilipiga kwa nidhamu. Nilisimama wima, sikutabasamu ovyo, nilimwangalia shangazi kwa kuibia na kumkuta ananiangalia kwa wazi. Ukafika wimbo wa mwisho, mwimbaji akamaliza beti zake akarudi nyuma kunywa maji, kinamama wakainuka, na mduara ukaanza. Nikakanyaga pedali.

Nilikuwa nimetunga kipande kifupi, sauti tatu tu, ya mwisho inapanda juu, kisha unarudia. Nyuzi zilizochemshwa zilikuwa kali, vidole vyangu vilikuwa na hamu, na lile gitaa likaachama kuliko nilivyowahi kulisikia. Mimi niliona raha tupu. Mpigaji hasikii maneno, anasikia sauti na mahali pa kuweka kidole kinachofuata.

Mama mmoja wa mbele, mnene, mwenye kijiti cha meno, akaacha kuzunguka. Akaweka kichwa upande, akasikiliza, akamgusa mwenzake. Mwenzake naye akasikiliza. Wakaangalia kwangu, wakacheka.

Naomba mnielewe. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa naona watu wanaisikiliza besi. Wanainyooshea kidole! Nikapiga kwa nguvu zaidi. Wakacheka zaidi, nami nikaongeza, na kila nilivyoongeza ndivyo walivyozidi kuitana. Kutoka kwenye kinanda kiongozi alikuwa ananipungia mkono juu chini na kuchezesha midomo. Kwa makelele yale sikumsikia, nikadhani ananipongeza, nikamwinulia kidole gumba.

Ndipo wakaanza kuimba. Kwanza yule mwenye kijiti, kisha wawili, kisha turubai zima, wanapiga makofi na kuitikia gitaa langu sauti kwa sauti:

"Haoi! Haoi! Haoi!"

Mtu asiye wa pwani anaweza kusema, si sauti tu hiyo? Kwetu hakuna sauti tu. Mama wa taarabu hasikilizi muziki, anasikiliza nani anasemwa. Akisikia mpasho hatulii mpaka ajue umemlenga nani, na kama hakuna aliyelengwa atamtafutia mtu. Hapa hawakutafuta sana. Nusu ya wale kinamama walijua nimeposa, na kwa nani.

"Mwalimu!" mmoja akapaza sauti. "Mwenzio anasema haoi!"

"Si yeye, ni gitaa lake."

"Gitaa la nani? Limejipiga lenyewe?"

Mchumba wangu alikuwa amejifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika, na mpaka leo anakataa kuniambia kama alikuwa analia au anacheka. Shangazi hakucheka. Aliinuka taratibu, akatengeneza kanga zake, akaja mbele moja kwa moja mpaka nilipo.

Kwenye taarabu mtu akikuinukia hivyo anakuja kukutunza, anakubandika noti kwenye paji la uso. Huwa anafuatwa mwimbaji. Mpiga besi hafuatwi. Nilivyomwona shangazi anakuja nilihisi machozi, wallahi, nikainamisha kichwa na kumtegea paji la uso. Akanipita. Akainama mbele ya spika yangu, akatega sikio pale pale kwenye wavu wake, akasikiliza haoi kama tatu hivi, akatikisa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa.

"Nilijua," akasema.

Akaenda zake kutafuta usafiri wa kurudi. Mimi bado nilikuwa nimeinamisha kichwa.

Jioni ile mchumba wangu aliniandikia: "Unajua ulichosema leo mbele ya watu?" Nikamjibu sikusema kitu, nilikuwa napiga tu. Akanitumia video. Mara ya kwanza nilisikia besi nzuri, nikataka kumwambia asikie jinsi ilivyotulia. Mara ya pili nikasikia. Ha-o-i. Wazi kabisa, matamshi safi, hata mgeni angeelewa. Niliumia moyo sana. Nilikuwa nampenda yule mwanamke, na nilikuwa nimetangaza mbele ya ukoo wake wote, kwa spika kubwa, kwamba simtaki.

Video ilitembea kwenye simu za kinamama mpaka ikafika sokoni kabla yangu. Nikipita kwa wauza samaki nasikia "haoi, haoi" nyuma yangu, kwa sauti ya kujikohoza. Nikaenda kwa mzee wa Kihindi kununua betri nyingine. "Wewe ndiye haoi?" akaniuliza. "Betri ya kuolea imekwisha mapema hivi?" Na kwa akina mchumba wangu jibu likaja kama lilivyotarajiwa: shangazi anasema mwenye mambo amejisemea mwenyewe, yeye aongeze nini?

Nilitaka kukitupa kile kisanduku. Lakini mimi ni mbishi, na kwanza nilitaka kujua kinafanyaje. Nikakaa chumbani asubuhi nzima, nimekiweka sakafuni, napiga sauti moja moja na kusikiliza kama daktari. Kikawa kinanieleza chenyewe. Uzi ukipigwa kwa nguvu, mdomo wa wawa unafunguka mpaka mwisho na sauti inatoka nyembamba, inakuwa i. Uzi huo huo ukipigwa kwa upole, mdomo unaishia katikati na sauti inatoka a. Kati ya haoi na naoa hakukuwa na kitu kingine isipokuwa uzito wa kidole changu. Na ile n ya mwanzo? Ukiufunika uzi kwa kiganja kidogo kabla haujalia, unaguna kwanza. Nikafunika, nikagusa polepole.

Naoa.

Nikarudia. Naoa. Naoa. Naoa.

"Tunajua, mwanangu," mama akajibu kutoka jikoni. "Njoo ule kwanza."

Sijawahi kupiga mbio hivyo kwenda kumkumbatia mtu mwenye mwiko mkononi.

Kiongozi nilipomweleza hakushangaa. Alisema amenifundisha jambo hilo tangu ananijua, nami nilikuwa nasubiri kufundishwa na kopo. Lakini kujua si kuweza. Mtu uliyezoea kuudonoa uzi ili usikike nje ya ukumbi, kuambiwa ugonge kana kwamba hutaki kumwamsha mtu, ni adhabu. Nilifanya mazoezi mpaka jirani akaja kumuuliza mama harusi ni lini, maana wao wameshasikia vya kutosha.

Kwa desturi mposaji hajipeleki mwenyewe kwa wakwe, ana wazee, ana mshenga. Lakini wazee wangu waligoma kurudi, walisema hawana uso. Mchumba wangu akasema, "Nenda wewe. Na uende na huyo aliyesema." Kwa hiyo siku moja asubuhi kiongozi alinipakia kwenye pikipiki yake, gitaa mgongoni, kispika kidogo cha betri mapajani, wawa mfukoni, tukashika njia ya Mkange. Vumbi la njia ile lilitufanya sote wawili tuwe rangi moja na mashimo yake.

Shangazi tulimkuta uani anapeta mchele. Majirani zake wawili walikuwa naye, na kwa jinsi walivyoniangalia nilijua video imefika.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Akaendelea kupeta. Kisha akaonyesha kwa kidevu mgongoni kwangu. "Mmekuja na yeye?"

"Tumekuja naye."

"Mkalisheni."

Nikaangalia nione kama anatania. Hakuwa anatania. Nikalitoa gitaa kwenye mfuko wake nikaliegemeza kwenye ukuta, juu ya mkeka, mimi nikabaki nimesimama kwa kuwa hakuna aliyeniambia nikae. Jirani mmoja akalisogezea mto.

"Ana neno?" shangazi akauliza.

"Ana neno, shangazi. Siku ile alitamka vibaya. Amekuja kujirekebisha."

"Aseme."

Nikachomeka nyaya kwa pupa, na mkono wenye pupa hauna upole. Nikakanyaga, nikapiga, na ua mzima ukasikia: "Haoi."

Majirani walianguka kicheko. Shangazi akaweka ungo chini. Nyuma yangu kiongozi akakohoa, akasema kwa sauti ndogo sana, "Punguza mkono." Na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilitii. Nilivuta pumzi. Nikauacha mkono ushuke wenyewe, bila kuusukuma, nikafunika uzi, nikaugusa.

"Naoa," gitaa likasema.

Kicheko kikakatika.

"Hebu tena," akasema shangazi.

"Naoa. Naoa."

"Anasema naoa," akawaambia wenzake.

"Ni kweli," mmoja akakiri.

"Mimi nasikia maboga," yule wa pili akasema.

"Maboga ya nini? Anasema naoa. Sikiliza vizuri."

Wakanifanya nirudie mara kadhaa mpaka wa pili akakubali, ingawa kwa uso wake niliona bado yuko kwenye maboga. Nilianza kutabasamu. Nilidhani mambo yameisha.

"Haya, anaoa," shangazi akasema. "Anamuoa nani?"

Nikamgeukia kiongozi. Kiongozi akaangalia kuku. Jina la mchumba wangu limejaa herufi ngumu, za kugonga meno na kubana midomo, na wawa inajua kufumbua mdomo tu.

"Shangazi, hawezi kutaja jina. Hana... hana meno."

"Basi huyu anaoa yeyote." Akauchukua ungo wake. "Mtoto wangu simtoi kwa asiyemtaja jina."

Nilisimama pale na waya mkononi. Akapeta kidogo, akanitazama tena.

"Na wewe?"

"Mimi?"

"Wewe unayembeba. Wazee wako nimewasikia kwenye simu. Huyo wa ukutani nimemsikia mara mbili, Mapinga na hapa. Huyu bwana mwenye pikipiki naye nimemsikia akikufundisha. Wewe ndiye sijakusikia. Una mdomo?"

Mdomo nilikuwa nao, ila sikuwahi kuutumia kwa jambo kubwa kuliko kuagiza chipsi. Hata mchumba wangu nilimposa kwa ujumbe wa simu, na chini yake nikaweka kipande cha besi. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kwenye jukwaa lolote. Hakukuwa na waya, hakukuwa na kitufe.

"Naoa, shangazi," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, ikakaribia sana kuwa ile nyingine. Nikarudia kwa upole. "Naoa." Nikataja jina lake. Nikataja la baba yake na la babu yake, na nilipoona bado ananisikiliza nikasema kwamba nampenda, kwamba bila yeye sijui nitakaa na nani nizeeke, na kwamba kama ni gitaa ndilo tatizo nitaliacha pale pale Mkange liwalindie mpunga.

Shangazi akapuliza pumba za mwisho.

"Kaa chini, mwanangu," akasema. "Mpeni maji." Halafu, kwa kiongozi: "Mkifika mwambieni baba yake mimi sina neno. Ila huyo," akaonyesha ukutani, "harusini asialikwe."

Nililia njiani kote. Kiongozi alidhani ni vumbi.

Tulioana, na sharti likatimizwa. Gitaa lilibaki nyumbani kwa mama, bendi ikaja bila besi, maana mpiga besi wao alikuwa kwenye kanzu na joho anaoa. Alasiri, baada ya ndoa kufungwa, nikaingizwa kwa kinamama nikakalishwa kando ya bi harusi. Kinanda kikalia, solo likalia, mwimbaji akaimba vizuri tu. Kinamama wakainuka kucheza, wakazunguka kidogo, wakakaa. Wakainuka tena, wakakaa tena. Wakaanza kuangaliana. Mmoja akaenda kukagua feni.

Shangazi aliinuka safu ya kwanza. Akatengeneza kanga zake, akaenda mpaka kwenye kinanda.

"Kuna kitu hakipo," akasema.

"Besi haipo, mama," kiongozi akamjibu. "Ulisema asialikwe."

Shangazi alisimama akafikiri, na ukumbi wote ukamsubiri. Kisha akasema aitwe.

Mama yangu ndiye aliyelileta gitaa, kwenye bajaji, limefungwa kanga mpya kama mgeni wa heshima. Kisanduku cha zambarau alikuwa nacho kwenye pochi yake. Nikavua joho, nikajivika gitaa juu ya kanzu, na mguu ulipofika kwenye kitufe nikasita. Nikamgeukia mke wangu.

"Niseme nini?"

Alikuwa na hina mpaka viwikoni na alikuwa ametakiwa asicheke siku nzima.

"Piga kwa nguvu," akasema.

Nikakanyaga, nikapiga kwa nguvu zangu zote, na gitaa likaachama. Ukumbi ukapasuka. "Haoi! Haoi! Haoi!" Kiongozi alifumbua mdomo kusema lile neno lake, akaufumba. Shangazi akaja mbele anacheza, na safari hii hakunipita, akanibandika noti kwenye paji la uso kwa nguvu kiasi kwamba nilikosea sauti moja. Aliyekuwa anaimba haoi kuwashinda wote, kwa ile sauti yake ya chekechea, alikuwa bi harusi.